Uji Uliolala

 Hamjambo mlioko Garsen mjini, hamjambo Minjila pale njia panda, hamjambo Ngao, Tarasaa, Wema na Hewani, mpaka Kipini ambako Mto Tana unaagana nasi na kuingia baharini. Na ninyi wa huko juu, Hola na Bura, nawasikia mkiitikia. Mama uliye jikoni, usiache ulifanyalo; ongeza sauti kidogo tu. Na wewe ndugu uliye malishoni na redio begani, usiondoke, maana leo nina neno lako pia.

Leo nataka tuzungumze habari ya mtama.

Najua wapo waliokwisha kuguna. Mtama! Si chakula cha kuku hicho? Si chakula cha mwaka wa njaa? Kuku nao wana bahati, maana hata methali yetu inawataja pamoja na mtama: penye kuku wengi hapamwagwi mtama. Watoto wetu wanaikariri methali hiyo shuleni na kuiandika kwenye insha. Lakini ukimpa mtoto huyo punje za mtama kiganjani, umuulize ni nini hizi, wengi hawajui. Neno limebaki kinywani, nafaka imetoka chunguni. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Juzi nilikuwa Mombasa. Nikaingia duka moja kubwa, yale ya kujichukulia mwenyewe na kikapu. Katika rafu ya vyakula vya wagonjwa na wenye kujali afya nikauona unga, umefungwa kwenye pakiti nzuri inayong'aa, kilo moja kwa bei ambayo sokoni kwetu ningepata kilo kadhaa. Nikageuza pakiti nisome. Unga wa mtama! Na kwa herufi kubwa wameandika kwamba hauna gluteni.

Basi tuanzie hapo. Gluteni ni nini?

Mama, wewe unaijua gluteni kwa mikono yako, ila hujaambiwa jina lake. Unapokanda unga wa ngano kwa ajili ya chapati, donge linavutika. Unalivuta, linakufuata, ukiliachia, linajirudi. Ukilisukuma kwa kifimbo linatanuka na halikatiki. Kinachofanya kazi hiyo ndicho gluteni. Ni protini iliyomo kwenye ngano, kwenye shayiri, na kwenye nafaka moja ya nchi za baridi iitwayo rai. Ikikutana na maji inashikamana kama nyuzi na kulibana donge. Mkate wa dukani huumuka kwa sababu nyuzi hizo huifungia hewa ndani.

Sasa chukua unga wa mtama, utie maji baridi, ukande, kisha ujaribu kuusukuma kama chapati. Utaona nini? Kingo zinapasuka. Donge linamomonyoka. Ukiliinua kutoka kibaoni linakuachia vipande mkononi. Hapana gluteni hapo. Hata mahindi hayana, mchele hauna, wimbi halina, mawele hayana. Narudia, maana hili watu hulichanganya: ngano ina gluteni, mtama, mchele, mahindi, wimbi na mawele havina.

Je, gluteni ni sumu? La. Wengi wetu tunakula chapati na mahamri na hatudhuriki. Ila wapo watu wenye maradhi yanayoitwa siliaki. Mtu wa namna hiyo akila gluteni, kinga ya mwili wake inaugeukia utumbo wake mwenyewe na kuujeruhi. Mtoto anaharisha, tumbo linajaa, hanenepi, damu inapungua, na wazazi wanahangaika na dawa za minyoo. Daktari mmoja wa watoto huko Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Ikaja vita, na katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945 Waholanzi wakawa karibu hawana mkate. Watu walikula hata vitunguu vya maua. Watoto wengine walidhoofika, lakini wale wenye siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Hapo Dicke akazidi kuwa na hakika, na mwaka 1950 akayaandika matokeo ya kazi yake.

Kwa mtu wa siliaki, mtama ni rafiki. Lakini sikiliza hapa vizuri: ukiupeleka mtama wako kwenye mashine ya kusagia iliyotoka kusaga ngano dakika tano zilizopita, unga wako umechanganyika na vumbi la ngano, na mgonjwa ataumia. Huyo asagiwe nyumbani kwa kinu na mchi au kwa jiwe, au mashine isafishwe kwanza. Na ukishuku mtoto wako ana maradhi hayo, usimwondolee ngano kwa kubahatisha. Mpeleke hospitali apimwe kwanza akiwa bado anaila, maana ukimwachisha mapema kipimo huweza kushindwa kuuona ugonjwa.

Haya. Wengi wetu hatuna siliaki. Je, sisi mtama watufaa nini?

Sitawadanganya. Mtama si dawa ya maradhi yote, na mtu akikuuzia kwa jina hilo mkwepe. Katika gramu 100 za mtama mkavu mna protini kama gramu 10, nazo si nyingi kuliko za mahindi yasiyokobolewa kwa kiasi cha kushangaza. Tofauti kubwa ni kwamba mtama twausaga mzima, na lile ganda lake ndilo lenye nyuzinyuzi, lenye madini ya chuma, lenye magnesi. Sima ya unga mweupe wa pakiti imenyang'anywa sehemu kubwa ya hayo kiwandani. Ndiyo maana aliyekula sima ya mtama asubuhi huenda shambani, akalima mpaka jua la utosini, njaa haijamuuma. Chakula kinateremka polepole. Hata wenye sukari husifiwa mtama kwa sababu hiyo, ila uwe wa kusagwa mzima, na sima iwe ya kiasi. Sima ya mtama nayo ni wanga.

Lakini mtama una ubahili wake. Madini ya chuma yamo, ila yamefungwa. Protini imo, ila ukiupika hiyo protini inajikaza, tumbo linashindwa kuifungua yote. Na mtama mwekundu mwingi una ukakasi, ule ukavu unaoushika ulimi kama ndizi mbichi. Ukakasi huo huzuia virutubisho visifyonzwe.

Nyanya zetu hawakusoma kemia. Lakini mliwahi kuwaona wakipika uji wa mtama papo kwa papo? Hata siku moja! Unga ulilala. Nyanya yangu alikuwa na chungu kidogo cheusi, mdomo wake umemeguka upande mmoja. Jioni anamimina maji ya vuguvugu, anatia unga wa mtama, anakoroga kwa mwiko mpaka uwe mzito kama maziwa yaliyoganda, kisha anachota upawa mmoja wa ule uliolala jana yake anauchanganya humo. Anafunika kwa kawa. Kesho yake ukifunua, juu pana vipovu vidogo vidogo, na harufu inakupanda puani, kali kidogo, tamu kidogo. Tulipokuwa watoto tulisema unga umeoza. Yeye akicheka na kutuambia umeamka.

Na kweli ulikuwa umeamka. Kule kuchacha ndiko kunakofungua vile vifungo. Chuma kinaachiliwa, ukakasi unapungua, protini inalainika tumboni. Nimesema na narudia: thamani ya mtama haiko kwenye punje peke yake, iko kwenye kuulaza. Sisi tulipouacha mtama tuliuacha pamoja na maarifa yake, na leo tukirudishiwa nafaka bila maarifa tumerudishiwa nusu.

Ukitaka kujaribu, ni rahisi. Vikombe viwili vya unga, maji safi ya vuguvugu, chombo safi, ufunike, ukiweke mahali pa joto siku moja, au mbili ukipenda uchachu. Kisha upike, uchemke sawasawa. Utilie tui la nazi kama una nazi, au maziwa. Ukiona ukungu wa rangi juu yake, mwaga, uanze upya.

Wako pia wanaouotesha mtama kwanza: unalowekwa, unafunikwa kwa kitambaa kibichi mpaka utoe vijimea, unaanikwa ukauke, ndipo unasagwa. Unga huo ni mtamu bila sukari, na uji wake ni mwepesi hata ukiweka unga mwingi, kwa hiyo mtoto mwenye tumbo dogo anashiba sawasawa. Ila nawaomba jambo moja. Vile vijimea na vijizizi vikikauka, visugue vyote uvipepete kwenye uteo uvitupe, na uji uupike uive. Kimea kichanga cha mtama kina sumu ndani yake. Nitarudi kwenye sumu hiyo, maana inawahusu wenye ng'ombe.

Na mtama haupendi kuliwa peke yake. Protini yake ina pengo, na pengo hilo linazibwa na kunde, pojo, samaki au maziwa. Hapa kwetu tena! Nani asiye na kunde shambani? Nani hajui kambare wa mto huu? Sima ya mtama na kambare wa nazi, na mboga ya majani ya kunde pembeni, hiyo ni sahani iliyokamilika. Nawaona kina mama wakinunua unga wa uji uliochanganywa vitu kumi, karanga, dagaa, soya, na vingine havijulikani. Mimi siupendi. Vingine vinaiva upesi, vingine haviivi, na vyenye mafuta vinaharibika mapema. Saga mtama wako peke yake, halafu mtoto mpe kunde au samaki kando.

Kuna jingine nalipenda sana, kwa sababu ni letu. Uji wa mtama ukinywewa pamoja na embe, yale madini ya chuma huingia mwilini kwa wingi zaidi, kwa sababu ya vitamini C. Mimi na ninyi tunakaa katika kaunti ya maembe, yanaanguka mitini na kuoza njiani msimu ukifika. Mama mjamzito, uji wako na embe lako. Msimu wa embe ukipita, kamua ndimu. Chai ya rangi iache ikae mbali na chakula, saa moja au zaidi, maana yenyewe hufanya kinyume chake.

Mtaniuliza, mtama ni uji na sima tu? Hapana. Nendeni Lamu, mwulizeni mtu mzima habari za mkate wa mofa. Mkate ule kwa asili ni wa unga wa mtama, unachachishwa, unapigwapigwa viganjani, unabandikwa ndani ya joko la udongo. Haukuhitaji gluteni. Uchachu na moto mkali vilifanya kazi. Leo wengi wanaupika kwa ngano, jina likabaki lile lile. Jirani zetu Wasomali wana anjera yao, na ukiila ile ya mtama utajua ile ya ngano ilikosa nini. Tena sisi watu wa pwani tulikwisha kuwa na vyakula visivyo na gluteni kabla neno lenyewe halijafika. Vitumbua ni mchele. Mkate wa kumimina ni mchele na nazi. Ondoa nusu ya mchele katika vitumbua vyako, weka unga wa mtama uliolala, tia iliki. Vitatoka vyeusivyeusi kidogo, na vitaliwa vyote. Punje nazo ukizitia kwenye kikaango kikavu chenye moto, zinapasuka bisi ndogo ndogo, watoto huzipenda. Na ukiulowesha mtama usiku kucha ukauchemsha na kunde, unaula kama wali.

Sasa, kama mtama ni mwema hivyo, tuliuacha kwa nini?

Wala haukutoka mbali. Mtama ni mwana wa Afrika hii hii. Mashariki mwa Sudan, karibu na Kassala, vigae vya vyungu vya kale vimekutwa na alama za mtama uliokuwa umeanza kulimwa, yapata miaka 5000 iliyopita. Mahindi ni mgeni aliyeletwa na Wareno kutoka Amerika. Katika miaka ya 1870 na 1880, hapo jirani yetu Malindi, mashamba ya mtama yalienea, na majahazi yalijaza mtama kuupeleka Uarabuni. Nisipite bila kuyasema haya: waliolima mashamba yale wengi wao walikuwa watumwa, na baadhi yao walitoroka wakaja kujificha huku Witu na misitu yake. Jasho lao limo katika historia ya nafaka hii, na wanastahili kutajwa.

Mtama tuliuacha kwa sababu ya ndege. Hindi limejifunga nguo, lina maganda. Suke la mtama liko uchi juani. Kwelea kwelea wakishuka, shamba la jioni unalikuta mabua asubuhi. Zamani kila shamba lilikuwa na dungu, na juu ya dungu mtoto na teo lake, anaamia ndege tangu alfajiri mpaka magharibi. Mtoto yule leo yuko darasani, na ni vyema awe darasani. Lakini hatukuweka mtu mwingine juu ya dungu. Mtama mwekundu wenye ukakasi ndege huupa kisogo kidogo, mweupe mtamu wanaumaliza. Hiyo ndiyo hekima ya ukakasi ule, na ndiyo maana tunarudi palepale: panda mwekundu wenye ukakasi, kisha ulaze unga wake. Na mkipanda, pandeni majirani kwa pamoja wiki moja, mpokezane zamu za kuamia. Shamba moja peke yake katikati ya kijiji ni karamu ya ndege wote wa delta.

Nawaambia tupande kwa sababu ya mto wetu. Tangu yalipojengwa mabwawa huko juu, Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, mto hauji tena kwa miadi yake ya zamani. Unakosekana misimu mitatu, kisha unakuja wote kwa usiku mmoja. Mmeona 2018, mmeona 2023, mmeona 2024. Mahindi maji yakisimama siku chache yanageuka manjano yanakufa. Jua likikaza wakati wa kutoa mbelewele yanabaki mabua matupu. Mtama maji unayavumilia zaidi. Jua likizidi unakunja majani, unasimama, unangoja. Mvua ikirudi unaendelea. Na ukishauvuna ukaukata chini, shina lilelile huchipua tena.

Mwaka wa El Niño, 1997, nilikuwa mdogo. Maji yale ndiyo yaliyovunja matuta ya mradi mkubwa wa mpunga kule Gamba, sembuse nyumba yetu ya udongo. Tulitolewa kwa mtumbwi. Watu walishika magodoro, walishika kuku. Nyanya alishika fungu la masuke limefungwa kwa leso, kaliweka kichwani, mkono mmoja juu, na hakuliteremsha mpaka tulipofika nchi kavu. Nikadhani amechanganyikiwa. Maji yalipoanza kurudi, tope bado likivuta miguu, alishuka nalo kwenye kingo akaanza kutoboa vishimo kwa kijiti.

Ndugu yangu mfugaji, sikukusahau. Mabua ya mtama ni malisho mazuri, na tangu zamani nafaka ya mtoni na maziwa ya malishoni vilibadilishana mikono kati ya watu wetu. Lakini mtama mchanga una ile sumu niliyoitaja, sianidi. Ukiwa chini ya kiuno cha mtu, au ukiwa umenyauka kwa jua halafu mvua ikaufanya uchipue upya, ng'ombe akiingia na njaa yake anaweza kuanguka ndani ya dakika chache. Mngoje upevuke, au mwenye shamba aukate auanike ukauke vizuri kwanza. Mtu asije akamlaumu jirani yake kwa mfugo uliokufa kumbe ni mmea. Zungumzeni kabla ng'ombe hawajaingia.

Na mkivuna, anikeni. Unyevu wa delta huleta ukungu, na ukungu una sumu isiyoisha kwa kupika. Mwaka 2004 kule Ukambani mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Mtama nao hushikwa. Ng'ata punje: ikivunjika kwa mlio mkavu, weka ghalani; ikibonyea, rudisha juani.

Mzee mmoja aliniuliza sokoni Minjila mbegu ataipata wapi. Afisa wa kilimo atakusaidia, mzee wangu. Lakini ukiishapata, usile yote. Kabla ya kuvuna, pita katikati ya shamba, si pembeni, uchague masuke yaliyojaa. Yafunge pamoja uyaning'inize jikoni, juu ya mafiga, yapate moshi kila siku. Dumuzi hawaupendi moshi. Baada ya miezi yatakuwa meusi kama mkaa, mgeni atauliza kwa nini umetundika takataka. Literemshe suke moja, ulipigepige kiganjani, upulize. Punje zitakazobaki ni nyekundu, ngumu, safi.